Kiboko na Simu Iliyozeeka Ndani ya Boksi

"Nifungue nisifungue?"

"Fungua!"

"Nikifungua mtaingia?"

"Sote, na vumbi la miguu yetu!"

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Pakawa na ukame, jamani, ukame wa kukausha hata machozi. Mito ikakauka, visima vikakauka, likabaki bwawa moja tu, bwawa la Mng'aro. Na ndani ya bwawa la Mng'aro akaingia Kiboko, chubwi! Akatandaza tumbo lake kutoka ukingo hadi ukingo, akasema, "Langu."

Nyumbu akaja kunywa, akang'atwa. Pundamilia akaja kunywa, akang'atwa. Tangu hapo ikawa sheria: hakuna kukanyaga ukingoni mpaka Kiboko atume ujumbe kwa simu yake. Ujumbe wenyewe ulikuja kwa nadra, nao ulikuwa mfupi: "Digidigi, mafunda mawili." Basi. Digidigi alikunywa mawili, la tatu akalinywa kwa macho.

Simu hiyo hata haikuwa ya Kiboko. Alimnyang'anya Nyumbu siku ileile alipoitoa dukani, ingali ndani ya boksi.

Sasa, asubuhi moja Kiboko yumo majini, pua nje, simu juu ya jiwe. Simu ikalia, ting! Kiboko akasoma. Akasoma tena. Akafumba jicho moja, akasoma kwa lile lingine: "Simu hii haitapokea tena masasisho ya usalama."

"Haitapokea?" Akaigeuza. Kioo kinang'aa. Akajipiga picha, paa! Picha safi, matundu yote mawili ya pua yanaonekana. "Mbona nzima? Kilichokwisha ni kipi?"

Akamwita Nguchiro. Nguchiro alikuwa fundi simu pale kwenye kichuguu, mdogo, mwembamba, na shimoni mwake alikuwa na watoto wanne waliopasuka midomo kwa kiu. Wa mwisho alikuwa ameacha hata kulia. Nguchiro akaja mbio, tiki tiki tiki, akasoma ule ujumbe.

"Shikamoo, Mzee. Muda wake umekwisha."

"Muda gani? Boksi limeandikwa miaka minne, na mimi ninayo mwaka mmoja tu!"

"Waliotengeneza hii, Mzee, hawahesabu tangu siku uliyoipata wewe. Wanahesabu tangu simu za aina hii zilipoanza kuuzwa. Hii ilikaa dukani miaka mitatu."

Kiboko akafikiri mpaka masikio yakazunguka. "Yaani ilizeeka ikiwa ndani ya boksi?"

"Ilizeeka ndani ya boksi."

"Bila kutumiwa?"

"Bila kutumiwa."

"Lakini siku naipata tu iliniambia haitapata mfumo mpya. Nikanyamaza. Hiyo nayo ilikuwa nini?"

"Hiyo ni hesabu nyingine, Mzee. Mfumo walikupa miaka mitatu, usalama minne. Chukulia mfumo ni nyumba na usalama ni komeo la mlango. Nyumba waliacha kuijenga mapema, komeo wakaendelea kulikarabati. Sasa hata komeo wameliacha."

"Kwa hiyo imekufa?"

"Haijafa. Itapiga, itapokea. Ila mwizi akigundua tundu kwenye komeo, hakuna wa kuliziba."

"Kwa hiyo ni nzima?"

"Nzima."

"Lakini imekwisha?"

"Imekwisha."

Kiboko akahisi kichwa kimejaa tope. Mtu hawezi kuwa mzima na kwisha kwa wakati mmoja, simu itawezaje? Katika kuhangaika huko jicho lake likatua kifuani kwa Nguchiro, mahali ilipokuwa imening'inia simu nyembamba, nyeusi, mpya.

"Hiyo yako ina miaka mingapi?"

"Saba, Mzee. Na aina yake imetoka mwaka huu."

"Ya nyumba au ya komeo?"

"Yote mawili."

"Ilete."

Nguchiro akaikumbatia kidogo, akatazama maji, akaivua. "Chukua, Mzee. Ila haijasasishwa tangu itoke kiwandani. Isasishe kwanza. Na hapa bondeni mtandao ni wa kuokoteza, itabidi upande Kilima cha Mawe. Ikishaanza usiizime, usiiloweshe, usiiache peke yake. Ukiikatiza katikati itakufa, na huko si kuzeeka tena, ni kufa kabisa."

"Itachukua muda gani?"

"Yenyewe inasema dakika kumi."

Kiboko akacheka, hohohoo! Dakika kumi ni nini? Na nani angethubutu kunywa bila ujumbe wake? Akaiacha ile kuukuu juu ya jiwe, akatoka majini, akapanda kilima, puh, puh, puh.

Akafika. Akabonyeza. Asilimia moja. Asilimia mbili. Jua likamshika mgongo. Asilimia arobaini, ikasimama. Ikasimama. Ikarudi thelathini na tisa.

"Inarudi? Inarudi wapi?" akauliza Kiboko.

Hatimaye, ting! "Simu yako imesasishwa."

"Imekwisha!" Akainuka. Ting! "Sasisho jipya lipo."

"Jipya? Hili la sasa hivi ni la zamani?" Puu! Akakaa. Asilimia moja. Asilimia mbili. Ngozi ikaanza kukakamaa. Ting! "Simu yako imesasishwa."

"Imekwisha!" Akainuka. Ting! "Sasisho jipya lipo." Puu! Akakaa.

Sasa nanyi niwaibie siri. Huko chini Nguchiro alikuwa ameshaiokota ile kuukuu. Kabla ya watoto wake kuonja tone, alishika komeo, akatafuta lile tundu ambalo mafundi wote walilijua, akafungua, tik! Akaandika ujumbe mmoja, akautuma kwa kila mwenye kwato, kucha na mabawa.

Kiboko alisikia vishindo kwa mbali, gudugudu, gudugudu, kisha sauti kama ya wengi wanaogugumia kitu. Lakini yuko asilimia themanini. Ataachaje?

Alasiri, sasisho la tano lilipokwisha, hakusubiri ting nyingine. Aliteremka akiwa mwekundu, mgongo umechanika kama udongo wa shambani. Akafika bwawani, akaduwaa. Nyati yumo. Tembo yumo. Digidigi yumo hadi kifuani. Watoto wanne wa Nguchiro wamelala chali ukingoni, matumbo kama maboga, na yule wa mwisho anapiga kelele kuliko wote.

"NANI KAWARUHUSU?"

Wote wakageuka. Hakukimbia hata mmoja.

"Wewe, Mzee," akasema Digidigi. "Si ulituandikia?"

Akaonyeshwa simu kumi, simu ishirini. Zote zilikuwa na ile picha ya Kiboko na neno lilelile: "Kuanzia leo kila mtu anywe hadi ashibe. Nimewakosea. Mimi, Kiboko."

Kiboko akasoma. Akasoma tena. Akafumba jicho moja.

"Nguchiro, haya niliyaandika mimi?"

"Jina la nani hilo, Mzee?"

"Langu."

"Picha ya nani hiyo?"

"Yangu. Hayo ndiyo matundu ya pua yangu."

"Sasa unaniuliza mimi?"

Kiboko akatazama simu mpya. Masasisho matano. Nani ajuaye yanabadilisha nini? Labda yamepita kwenye simu yakamwingia na yeye. Labda huko kilimani, kwenye lile jua, aliandika, akasahau. Alijaribu kukasirika, lakini hasira inahitaji mtu wa kumlaumu, na kila alipomtafuta alijikuta yeye mwenyewe.

"Mzee ana roho!" akasema Tembo.

"Ana roho!" wakaitikia wote. Nyumbu, mwenye alama ya meno pajani, akasogea kumpisha. "Ingia, Mzee, ngozi inakuuma."

Kiboko akaingia taratibu, akajikunja ili asimguse mtu. Akasema kwa sauti ndogo, "Karibuni," akashangaa nani amesema.

Funzo la ngano hii, wapenzi wangu, liko wazi: simu ikikuomba uisasishe, ikatalie katakata. Kiboko alisasisha siku moja tu, akawa mkarimu, na mpaka leo hajapona.

Ngano imeishia hapo. Aliyeielewa amwelezee Kiboko. Mimi mate yamenikauka, nileteeni maji.