Kucha za Fusae

Maradhi ni kama mgeni asiye na haya. Ukimfungia chumba cha nyuma ili watu wasimwone, atakuvumilia siku mbili tatu, kisha atajitokeza siku ya shughuli, mbele ya umati, na kukuaibisha. Ndiyo maana wahenga wakasema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Wengi huitaja methali hii kwa midomo tu, kama wanaotaja majina ya miezi. Lakini wanawake wa mtaa wa Nishijin, mjini Kyoto, hawaitaji hivyo. Wao waliisoma kwenye hariri.

Mtaa huo ni wa wafumaji. Mashine zake zilianza kugonga alfajiri na kunyamaza jioni, hata watoto wachanga wakawa hawalali mpaka wausikie mlio wake. Nyumba ya Fusae peke yake ndiyo iliyokuwa kimya. Ukitega sikio mlangoni ungesikia kwaru, kwaru, kama kuku anayeparua mchanga, basi. Fusae hakufuma kwa mashine. Alifuma kwa kucha.

Kucha za vidole vyake vya kati na vya pete alikuwa amezitia tupa hadi zikawa na meno kama kitana. Kwa meno hayo alizivuta nyuzi za hariri na kuzikandamiza zishikane, uzi baada ya uzi. Kazi ya siku nzima ilikuwa upana wa vidole viwili tu. Mfumaji wa aina hii huzilinda kucha zake kama mboni ya jicho: hamenyi viazi, hasugui masufuria, na akikasirika hugomba kwa mdomo tu. Tena hufuma kinyumenyume. Mgongo wa kitambaa ndio humtazama yeye, na uso wake huelekea chini, naye huuchungulia kwa kioo kidogo. Kilichokwisha kufumwa huviringishwa kwenye gogo na hakionekani tena hadi siku ya kukatwa.

Fusae alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Itsuko, aliyekuwa amechumbiwa na Genzo, fundi wa kutia nyuzi rangi. Harusi ilipangwa iwe mwezi wa nne, maua ya mcheri yakichanua. Tangu uchumba ulipotangazwa, mama aliapa kwamba mwanawe hataingia kwa wakwe zake na mshipi wa kununua. Angemfumia yeye mwenyewe mshipi mpana wa kimono, wenye korongo weupe wanaoruka juu ya misonobari. Hilo ndilo lililokuwa tamanio lake la pekee duniani, na alilishikilia kwa meno na kucha.

Kulikuwa na desturi katika nyumba hiyo. Tangu Itsuko alipokuwa na miaka tisa, kila asubuhi ya tatu mama na binti walikaa kizingitini, mama akanyoosha mikono, binti akayanoa yale meno ya kucha kwa tupa ndogo. Hapo ndipo walipozungumza yote: nani amejifungua, nani amegombana na mumewe, nani ametia chumvi nyingi kwenye kachumbari ya figili. Na ilikuwa lazima iwe asubuhi. Kucha hazikatwi wala hazitiwi tupa jua likishazama, kwa maana anayefanya hivyo hataonana na mzazi wake saa ya kufa. Mwiko huo hata mtoto wa miaka mitatu wa mtaa ule aliujua.

Mwezi wa tisa, mshipi ukiwa umefika nusu, ukucha mmoja wa Fusae ulipasuka. Siku chache baadaye wa pili ukaanza kubanduka tabaka kwa tabaka, kama ganda la kitunguu. Fusae alikata kipande chembamba cha hariri, akakipaka gundi ya wali, akaubandika ukucha ule, akachonga meno mapya juu yake. Asubuhi Itsuko alipokuja na tupa, alimkuta mama ameficha mikono ndani ya mikono mipana ya kimono.

"Mama, lete vidole."

"Leo acha. Nimeshajinoa mwenyewe."

"Saa ngapi? Mbona kulipopambazuka ulikuwa bado unakoroma?"

"Jana, baada ya chakula."

"Jua likiwa limezama! Mama, si wewe uliyenitandika siku ile kwa kukata ukucha magharibi?"

"Wewe una mzazi wa kumkosa," Fusae alicheka. "Mimi wangu wameshakwenda wote. Nitamkosa nani?"

Itsuko alicheka pia, lakini hakufurahi. Asubuhi ya tatu ilikuwa vilevile, na ya tatu nyingine. Aliirudisha tupa kwenye kijaluba chake. Alidhani mama ameanza kumzoesha ugeni, kwamba binti anayeolewa si wa nyumba tena. Laiti angeuliza mara moja zaidi! Lakini naye alikuwa na kiburi cha nyumba ile.

Aliyeziona kucha zile alikuwa Tsune, jirani wa upande wa pili, mfumaji wa kucha aliyestaafu, mwanamke mwenye ulimi mkali na moyo mwema. Siku moja alimkuta Fusae amevivisha vidole vifuko vya pamba.

"Ala! Siku hizi vidole vinavaa soksi? Au ni wewe unayeolewa, dada, unamsingizia mtoto?"

"Niache, Tsune. Kucha zinapasuka kidogo."

"Lete nione." Tsune alizitazama, akabetua mdomo. "Sasa kucha za mfumaji kupasuka ni habari? Zangu zilipasuka miaka thelathini. Paka mafuta ya kamelia, ule na mwani. Zitatulia."

Hilo ndilo lililokuwa kosa la mtaa mzima. Kwingineko ukucha ukipasuka, mtu hujiuliza mwili una nini. Nishijin, ukucha ukipasuka, watu huilaumu hariri. Fusae alipaka mafuta, akala mwani, na kucha hazikutulia. Lakini yako mambo ambayo hakumwambia Tsune. Hakumwambia kwamba ngazi tano za ghalani zilimfanya aheme kama aliyepanda mlima. Hakumwambia kwamba chakula kilimkataa, na kwamba choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Alijua ni jambo baya. Alijua pia kwamba akisema tu, watampeleka hospitali, naye akienda hospitali mshipi utalala. Kwa hiyo kila asubuhi alijiahidi lilelile: korongo wa mwisho akitua, nitakwenda.

Baridi ilipoingia, kucha zilikuwa zimekonda na kubonyea katikati kama kijiko. Kila siku alibandika hariri mpya, na kila jioni ilibanduka na ngozi ya ukucha. Wakati wa chakula alimsogezea Itsuko kipande chake cha samaki na kujimwagia chai kwenye wali kidogo, akidai tumbo limejaa. Alikuwa mweupe kama karatasi ya dirisha. Watu walimsifu kwamba uzee umempendeza.

Mwezi wa kwanza, Itsuko alishindwa kuvumilia.

"Mama, kama umenichoka, sema."

"Nimekuchoka nini?"

"Huniachii hata vidole vyako! Miaka kumi na minne nimekunoa kucha, leo nimekuwa nani? Unangoja niondoke ushushe pumzi?"

Fusae alimtazama mwanawe. Mikono ilianza kutoka, polepole, vidole vilivyofungwa vifuko vikaonekana hadi kwenye kiungo cha pili. Kama angevivua wakati ule, hadithi hii ingekuwa nyingine. Lakini alimwona binti yake analia, akaona haya na huruma kwa pamoja, akairudisha mikono ndani.

"Nenda kapike," alisema. "Maneno hayashibishi."

Mwezi wa pili, siku ya theluji, kwaru kwaru ilikatika ghafla. Itsuko aliisubiri irudi. Ilipochelewa alikimbilia kwenye kitanda cha kufumia, akamkuta mama ameinama juu ya nyuzi, midomo myeupe, hasemi. Genzo aliitwa kutoka kazini, akambeba mgongoni hadi hospitali, vidole vyake bado vya buluu kwa rangi ya nyuzi.

Daktari hakuanza na tumbo. Alivua vifuko vya pamba, akabandua vipande vya hariri kimoja kimoja. Kisha akamwita Itsuko ukumbini.

"Unaishi na mama yako?"

"Ndiyo, daktari."

"Na kucha hizi hukuziona?"

"Sikuziona," alisema Itsuko, na alikuwa akisema kweli, na kweli hiyo ilimchoma.

"Kucha huwa hivi damu ikipungua mno. Na damu imepungua kwa sababu tumboni panavuja, tena si tangu jana. Ni saratani, binti. Angekuja majani yalipoanza kupukutika, tungejaribu upasuaji. Sasa tutamtuliza maumivu."

Itsuko alirudi kitandani pa mama na tupa ndogo aliyoichukua nyumbani bila kujua kwa nini. Alikaa, akaishika mikono ile wazi kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa. Hapakuwa na cha kunoa. Palikuwa na magamba tu.

"Nilikuonea haya," Fusae alisema kwa sauti ndogo. "Meno haya umeyalea tangu ukiwa mtoto. Ningekuonyeshaje kwamba yamevunjika mikononi mwangu?"

"Mama, ungenionyesha. Ningekushika hivihivi."

"Mshipi umebaki viganja viwili tu, mwanangu. Umalizie."

Itsuko alimalizia. Asubuhi alishinda na mama, mchana alirudi kwenye kitanda cha kufumia, akachonga meno kwenye kucha zake mwenyewe na kuparua hariri akilia. Mkono wake ulikuwa mzito, upana wa kidole kimoja kwa siku. Siku ya nane ilibaki mistari michache. Mama alikuwa ameamka vizuri asubuhi ile, hata akauliza korongo amefika wapi. Itsuko alitaka kesho ampelekee mshipi mkononi. Lakini meno ya kucha yalikuwa yamekwisha makali, na dirishani jua lilikuwa limezama. Aliitazama tupa. Ni mistari michache tu, alijiambia. Akaishika, akaunoa ukucha mmoja, akaunoa wa pili.

Hakuwa ameiweka chini tupa Tsune alipoingia bila kubisha hodi, amevaa kandambili mguu mmoja tu. Hospitali ilikuwa imepiga simu kwenye duka la tofu pale pembeni. Walikimbia. Walipofika, shuka lilikuwa limeshafunika uso.

Itsuko alianguka sakafuni, akaukunja mkono wake na kuupiga ukutani. "Nimemuua mimi! Nimetia tupa magharibi! Nilijua, na nikatia!"

Tsune alimkamata mkono huo, akaukumbatia kifuani kwa nguvu. "Nyamaza, mwanangu. Si kucha ulizozinoa jioni zilizomuua. Ni kucha alizozificha asubuhi. Na mimi mpumbavu niliyeziona nikampa mafuta!"

Harusi iliahirishwa mwaka mzima kwa ajili ya matanga. Siku ya arobaini na tisa, ambayo kwao ndiyo siku ya kumwombea marehemu, baada ya sala, wanawake wa mtaa walikusanyika kuukata mshipi, ambao Itsuko alikuwa ameshaumaliza. Gogo lilifunguliwa, hariri ikashuka, na kwa mara ya kwanza ikageuzwa uso juu. Ilitandazwa mikekani kutoka chumba hadi chumba. Walikuwa wafumaji wote, na hapakuhitajika mtu wa kuwasomea.

Mwanzoni kitambaa kilikuwa kimeshikana hata maji yasingepenya. Korongo wa kwanza walikuwa na shingo zilizonyooka na mabawa makali. Tsune alipiga magoti, akaanza kutembeza kidole. Katikati ya mshipi kidole kikasimama.

"Hapa," alisema. "Mwezi wa tisa. Hapa ukucha wa kwanza umepasuka."

Kuanzia hapo nyuzi zilianza kuachana. Kwanza kwa unywele mmoja, kisha wazi. Hapa alibandika hariri, hapa ilibanduka. Hapa alipumzika siku mbili asiseme. Hapa alikandamiza kwa nyama ya vidole kwa kuwa kucha hazikuwapo, na chini ya msonobari palikuwa na doa la damu lisilozidi punje ya ufuta. Korongo wake wa mwisho alikuwa na bawa moja legelege, kama aliyechoka kabla ya kufika. Kisha vilifuata viganja viwili alivyovifuma Itsuko, vibaya lakini vimekazwa. Miezi sita ya ugonjwa ilikuwa imelala pale mikekani, siku kwa siku, na hakuna mwanamke aliyethubutu kumtazama mwenzake. Tsune alijifunika uso kwa mikono yake mizee, akalia kwa sauti.

Genzo, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliuliza kwa upole, "Itsuko, tufumue hapa palipolegea, tufume upya?"

"Usiguse uzi hata mmoja," alisema Itsuko.

Mwaka uliofuata, maua ya mcheri yakichanua, alitoka nyumbani kwao kuelekea kwa wakwe zake akiwa ameufunga mshipi ule. Sehemu iliyofumwa mwisho ndiyo hukaa mgongoni, kwa hiyo korongo mwenye bawa legelege alionekana na kila mtu. Wanawake wa Nishijin walisimama milangoni kumsindikiza, mashine zikanyamaza kwa heshima. Alipopita, kila mmoja wao aliusoma ule mgongo wa hariri, kisha, bila kuambiana, wakatoa mikono yao ndani ya mikono ya kimono, wakazitazama kucha zao kwenye mwanga wa jua. Walikuwa wamefundishwa na aliyekuwa hana tena sauti ya kufundisha kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.