Kwa Nini Mchanaji Huinamisha Kichwa Mdundo Ukianza

Tulieni, nyie mnaodhani kila kitu kilizaliwa hivi kilivyo. Palikuwa na zama ambapo muziki wa kufokafoka ulikuwa na sauti moja tu. Mchanaji wa Tanga, wa Mwanza, wa Songea, wote walifokea mdundo uleule uliokuja kwa kaseti kutoka ng'ambo, na walipanda jukwaani videvu juu. Aliyetia hata chembe ya kwao aliitwa mshamba, akazomewa mpaka akome.

Miongoni mwao alikuwa Chiwanga, kijana wa Mvumi, Ugogoni, aliyejitangaza mtoto wa mjini na kujifunza kuongea puani. Mama yake, Mbeleje, alikuwa mpigaji wa muheme, ile ngoma ambayo wanawake wa Kigogo huibana mapajani. Chiwanga alikua akiwa amefungwa mgongoni mwa mama huyo, ngoma ikilia. Hilo hakumwambia mtu.

Siku ya shindano la wachanaji uwanja wa Dodoma ulifurika. Mshindi angepelekwa Dar es Salaam kurekodi, na Chiwanga aliitamani safari hiyo kuliko chakula. Kumbe waandaaji walikuwa wamewaita akina mama wa Mvumi kuchangamsha watu. Mbeleje alipomwona mwanawe nyuma ya jukwaa alimnyooshea mikono, akamwita mwanangu. Wachanaji wenzake wakacheka, wakamuuliza yule ni nani wake.

"Simjui," akasema Chiwanga. "Hao wamama wa ngoma huita kila mtu mwanangu."

Mbeleje alisikia. Akashusha mikono, akajifunga kanga yake vizuri, akarudi kwa wenzake.

Zamu ya Chiwanga ikafika, na balaa likaanza. Maneno yalikataa kukaa. Kila mstari ulichelewa kidogo, ukaruka, ukatua pasipo na mdundo, maana pumzi yake ilifundwa mgongoni, si kwenye kaseti. Uwanja ukamzomea. Aibu ilimshika, jamani, akatamani ardhi ipasuke.

Lakini mtoto akinyea kiganja hakikatwi. Mbeleje alilitambua lile pigo la mistari ya mwanawe: lilikuwa la muheme. Akaibana ngoma palepale chini ya jukwaa, akaziba kila pengo lililoachwa na kaseti, wenzake wakamwitikia. Maneno yakapata makao. Mwenye kaseti akaizima mwenyewe, na uwanja mzima ukacheza.

Chiwanga akashinda. Wenzake walipomuuliza mdundo ule kautoa wapi, akawapa kisogo. Akateremka kwa mama yake, akapiga magoti kuomba radhi.

"Nimekusamehe," Mbeleje akasema. "Na wale waliocheka, umewaambia?"

Hakuwa amewaambia. Akapanda tena jukwaani, na alipofika kwenye kipaza sauti kichwa hakikuinuka.

"Mdundo huu ni wa mama yangu, Mbeleje wa Mvumi," akasema. "Leo nimemkana mbele ya watu."

Kila mchanaji akamkumbuka mtu wa kwao ambaye yeye naye alimkana. Vichwa vikainama kimoja baada ya kingine. Wa Tanga akarudi kutafuta nyimbo za shangazi yake mwimba taarabu, wa Mwanza akafuata ngoma za wajomba zake.

Na tangu siku hiyo kila mji ukachana kwa sauti ya kwao, na mdundo ukianza mchanaji huinamisha kichwa. Nyie mnasema ni maringo. Maringo wapi! Ni mtu anayemwomba radhi mama yake kabla hajafungua kinywa.