Mwewe wa Bi Kumbuka

Kutenda wema si kazi. Kazi ni kuondoka ukishautenda. Wako watu wakarimu kwelikweli, lakini wakikusaidia leo, kesho watakukumbusha, na keshokutwa watakukumbusha mbele ya wageni. Fundi cherehani mmoja alikuwa hodari wa mambo hayo hata mtaa mzima ukamwita Bi Kumbuka. Mkono wake ulikuwa mpana, na mdomo wake mpana zaidi. "Kumbuka ni mimi niliyekushonea sare ya shule," alikuwa akimwambia mtu mzima mwenye mvi kichwani. Binti yake wa pekee, aliyekuwa msusi, alipunguza kumtembelea, kwa kuwa kila alipokuja alikaribishwa kwa chai na masimango.

Siku moja kishindo kilisikika kwenye kioo cha dirisha la duka lake. Alipotoka, alimkuta mwewe chini, bawa moja limepinda kama mwavuli uliovunjika.

"Mwache afe huyo mwizi wa vifaranga!" alisema jirani yake, muuza kuku.

"Na wewe ulipolala hoi na homa, nilikuacha ufe? Kumbuka nani alikuletea dawa!"

Alimfunika mwewe kwa kipande cha kitambaa, akamtia kwenye boksi, akampeleka kwenye kituo cha kutibu ndege wa porini, pembezoni mwa mji.

Daktari wa ndege, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi, aliufunga mfupa uliovunjika. Alipoona mgeni wake haondoki, alimwomba awe anakuja kumlisha mgonjwa. Ila kulikuwa na masharti. Ajifunike uso, asukume nyama kupitia bomba lililopenya kwenye ukuta wa mbao, na asitoe hata neno moja. Ndege wa porini hapaswi kujua kwamba chakula chake kinatoka kwa binadamu.

Hilo la kunyamaza ndilo lililomshinda. Tangu afiwe na mumewe, Bi Kumbuka alikuwa akizungumza na cherehani. Sasa amepata msikilizaji mwenye macho! Daktari akigeuka tu, kitambaa cha uso chini, nyama mkononi. "Kula, baba. Kumbuka ni mimi niliyekuokota." Mwewe alikula, na mama alirudi nyumbani na furaha ambayo hakuwa ameionja kwa muda mrefu.

Bawa lilipona vizuri. Lakini asubuhi moja daktari alimkuta mwewe amejibandika kwenye wavu wa banda, akimlilia Bi Kumbuka kama kifaranga anayemlilia mamaye.

"Mama, umemfundisha nini huyu?"

"Kunijua tu, daktari. Kuna ubaya gani akinikumbuka?"

"Akitoka hapa atatua kwa mtu yeyote, akidhani ni wewe. Si wote wenye nyama mkononi, mama. Wengine wana mawe." Daktari alishusha pumzi. "Mwewe asiyeogopa watu simwachilii. Akibaki hivi, atazeekea humu bandani."

Maneno hayo yalimchoma Bi Kumbuka. Alilia waziwazi, bila kuona haya, kisha akaomba nafasi ya kurekebisha alichokiharibu. Alishona pazia zito jeusi kwa kitambaa chake mwenyewe, akaliangika mbele ya banda, na kuanzia hapo alisukuma nyama kwenye bomba huku ameuma midomo. Siku za kwanza mwewe alimwita mpaka sauti ikamkauka. Mama wa watu alisimama nyuma ya pazia, machozi yakimtiririka, asijibu.

Jioni moja alimpigia binti yake simu. "Mwanangu, kumbe kunyamaza ni kazi ngumu hivi!"

"Samahani," alijibu binti, "naongea na mama yangu kweli?" Wakacheka wote wawili, na kesho yake binti alikuja kumsaidia kukata nyama.

Vilio vya mwewe vilipungua, hatimaye vikaisha. Ikafika siku Bi Kumbuka alipochungulia kidogo tu, na mwewe akaruka hadi kona ya mbali, manyoya yamemsimama. Ilimuuma, lakini alimshukuru Mungu.

Siku ya kumwachilia, watu wa mtaani walialikwa kilimani nyuma ya kituo. Hata muuza kuku alikuja, eti kumtambua mwizi wake. Wengi hawakuwa wamewahi kumwona mwewe kwa karibu, na waliponyatia sanduku alimobebwa na kuyaona macho yale makali, mizaha ilikoma. Daktari alimpa Bi Kumbuka kazi ya mwisho.

"Fungua, kisha shika njia ile. Usisimame, usigeuke, usimwite. Akikufuata, tutamrudisha bandani, na hatatoka tena."

Alifungua mlango wa sanduku, akaanza kutembea. Nyuma yake mabawa yalipiga, yakakaribia, yakafika juu ya kichwa chake kabisa, na upepo wake ukamgusa shingoni. Ulimi ulimwasha. Neno moja tu lingetosha kumshusha begani. Alifumba mdomo, akaendelea kwenda. Kivuli kilimpita miguuni, kikatangulia mbele, kikapanda juu ya miti na kutoweka. Watu walishangilia, na sauti ya muuza kuku ilizidi za wote.

Binti yake alimkimbilia. "Mama, amepita juu yako kama hakujui!"

"Hanijui," alisema Bi Kumbuka, akicheka na kulia kwa pamoja. "Nashukuru, mwanangu. Nashukuru kwamba nilimpata, na nashukuru zaidi kwamba ameondoka."

Alimshika binti yake mkono, wakateremka pamoja kuelekea mjini, na njia nzima hakumkumbusha mtu yeyote chochote. Ama kweli wahenga hawakukosea: tenda wema, nenda zako.