Saba kwa Mia ya Rajabu

Hapo zamani, wakati kazi zilipokuwa tele na wenye kuzipata walikuwa wapwa wa waziri, palikuwa na kijana katika mji wa Mtangani, jina lake Shekue. Alisomea hesabu ng'ambo miaka saba, akarudi na vyeti vitatu na kanzu moja yenye kiraka. Kila alipobisha hodi hazina, Waziri Bakathiri alimwuliza, "Uzoefu wa miaka kumi unao?" Naye Shekue alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne.

Basi Sultani Hilali alikuwa na reale laki moja, ambazo kila Rajabu aliziweka mwaka mzima katika nyumba ya amana zimzalie faida. Lakini faida ile haikutulia. Mwaka huu nane kwa mia, mwaka ule nne. Sultani akakosa raha, akatangaza: "Naitaka faida ya Rajabu mkononi mwangu leo, Muharamu! Atakayeileta ni karani wa hazina. Atakayejaribu akashindwa, viboko hamsini."

Wanajimu wakaugua ghafla, wote. Shekue akaja na karatasi, akamtia Sultani mkononi.

"Hiyo hapo, Maulana. Saba kwa mia. Rajabu nyumba ya amana ikitoa chini ya saba, utafidiwa hadi zitimie saba. Ikitoa zaidi, ile ziada unaitoa wewe."

"Nifidiwe na nani? Na wewe mwenye kiraka cha gunia?"

"Na Bibi Mwanakheri wa kiwanda cha kamba. Yeye Rajabu hukopa laki moja nyumba ile ile, anunue makumbi. Wewe unaomba faida isishuke, yeye anaomba isipande. Mimi nimewakutanisha tu. Hati ni mbili, sawasawa: yako na yake."

Sultani akazipiga muhuri zote mbili. Waziri akachekea puani. "Na hati hii leo ina thamani gani, ewe msomi?"

"Sifuri. Ziro. Kapa. Saba ndiyo faida ambayo soko zima linaitarajia Rajabu, kwa hiyo leo hakuna aliyemzidi mwenziwe hata senti."

Baraza likaangua kicheko. Sultani akasema, "Ukarani tutauona Rajabu. Kwa sasa ujira wako ni thamani ya hati yako!"

"Nimekubali, Maulana. Ila thamani hupanda na kushuka. Naomba ihesabiwe siku utakayoichana kwa mkono wako."

"Mwandishi, andika hivyo!" akasema Sultani, machozi ya kicheko yakimtoka.

Ikawa miezi sita Shekue anatafuna muhogo mkavu, na kila asubuhi mamake anamkumbusha, "Faki wa jirani anauza sambusa, digrii hana, mke anaye." Rajabu ikaingia, faida ikapanda mpaka tisa. Sultani akashangilia, kisha akaikumbuka hati. Zile mbili za juu zilikuwa za Bibi Mwanakheri: reale elfu mbili, amana ikitimiza mwaka.

"Mwizi wewe! Nipate tisa, nibaki na saba?"

"Saba uliitaka mwenyewe, Maulana. Ingeshuka hadi tano ungenibusu."

Waziri akamnong'oneza Sultani sikioni, na Sultani akaichana hati vipande vinne. "Haya! Iko wapi?"

Shekue akakaa kitako, akatoa ubao wake. "Mwandishi, tusomee ujira wangu." Mwandishi akasoma, Shekue akaandika ubaoni. "Vyema. Elfu mbili za mwakani si elfu mbili za leo, maana reale ya leo ikilala mwaka inazaa tisa kwa mia. Basi kwa leo ni elfu moja mia nane thelathini na nne, na senti nawasamehe."

"Mpeni!" akafoka Sultani. "Bado nimeokoa mia moja sitini na sita."

"Hujaokoa kitu, Maulana. Umechana yako. Ya Bibi Mwanakheri imo sandukuni mwake, na muhuri wako juu. Elfu mbili zake ziko pale pale."

Tumbo la Sultani likaanza kutikisika, akacheka hata kilemba kikamwanguka.

"Mpeni huyu ukarani kabla hajatuajiri sisi!"

"Lakini Maulana," akasema Waziri, "uzoefu wake..."

"Ushauri wa kuichana ulikuwa wa nani, Bakathiri?"

Waziri akatazama dari.

"Basi ujira wake utatoka mfukoni mwako."

Shekue akaingia hazina siku hiyo hiyo na kanzu yake ya kiraka. Na mpwa wa waziri, mwenye uzoefu wa miaka kumi, akapewa vile vipande vinne na kopo la gundi.