Muhuri wa Mashoto

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa watu wa kale aliishi mcha Mungu aitwaye Mundhiri, mjaribu panga wa Sultani. Kazi yake ilikuwa kuupinda kila upanga gotini mara tatu. Ulionyooka tena aliugongea muhuri, uliovunjika aliurudisha kwa mhunzi. Alikuwa mashoto, na muhuri wake daima ulilalia kushoto.

Mwanawe wa pekee, Hudhaifa, alikuwa askari mpakani, mwaka wa nne sasa. Ya Rabbi, mzee yule alimtamani mwanawe! Kila baada ya Alasiri aliitungua kanzu ya kijana, akaikung'uta, akainusa, akaitundika tena. Harufu ilikuwa imeshakwisha, lakini aliinusa tu.

Basi Waziri akamletea panga mia mbili kutoka karakana ya shemeji yake. Mundhiri akaupinda wa kwanza, ukavunjika vipande viwili. Wa pili, vilevile. Waziri akamwambia kwa upole:

"Mzee Mundhiri, ukoo wa shemeji yangu ndio unaonishikilia kiti changu barazani. Zigongee muhuri, na Hudhaifa atakuwa nyumbani kabla mwezi haujaandama."

Machozi yakamlenga mzee. Kisha akasema: "Wallahi, sina nikitakacho duniani zaidi ya hicho. Lakini panga hizi zitashikwa na wana wa watu, ewe Waziri. Na wao kwao kuna kanzu zimetundikwa."

Waziri akaghadhibika, akampokonya muhuri na kumfukuza kazi, na mtumishi wake akazigongea panga zote zilizosalia. Mundhiri akaingiwa na hofu kubwa, kwani zilikuwa zinakwenda kule kule aliko mwanawe. Akamwandikia Sultani, lo, barua zote zilipitia kwa Waziri! Hakubakiwa na mlango ila wa dua. Akasubiri. Na subira, jamani, sisi tunaitaja tu midomoni. Aijuaye ni aliyeionja.

Siku ya arubaini, kanzu ikiwa mkononi mwake, akasikia: "Assalamu alaykum, baba."

Alikuwa Hudhaifa, na nyuma yake ngamia waliobeba panga zile. Mzee akamkumbatia.

"Muhuri ulikuwa wako, baba, lakini mkono haukuwa wako," akasema kijana. "Ulilalia kulia. Nikamwambia amiri wetu, tukazipinda, zikavunjika. Ndipo akanituma nizirudishe kwa Sultani mwenyewe."

Sultani akamuuzulu Waziri, akamrudishia Mundhiri muhuri wake, akaamuru zifuliwe panga nyingine, na Hudhaifa ndiye azipeleke mpakani. Mzee akazijaribu mmoja mmoja. Kila muhuri ulimsogezea siku ya kuagana, naye hakuchelewesha hata mmoja.

Enyi ndugu zangu, twapenda kusema kwamba uaminifu una malipo. Naam, unayo. Mundhiri alilipwa siku tisa za kumwona mwanawe, kisha akarejea kwenye kanzu yake. Safari hii ilikuwa na harufu.