Kinamasi Kilichosingiziwa

Wapendwa, kabla sijaingia kwenye somo la leo nataka niwape mfano wa mtu wa vitunguu. Jina simpi. Nikimpa jina lolote mtaanza kugeuka kutazamana, na mtu huyu leo hakuja kanisani.

Alikuwa mwenyekiti wa mfereji. Ninyi mnaolima kwa kumwagilia mnajua cheo hicho maana yake nini. Yeye ndiye anayepanga zamu, na ndiye anayeshika ufunguo wa banio, pale mtoni ambapo maji yanazuiwa na kugeuzwa yaingie mferejini. Mashamba arobaini yalikunywa kwa mkono wake. Hakuwa mtu mbaya. Mjane akichelewa kupanda alimwongezea zamu, na ugomvi wa maji aliumaliza kabla haujafika kwa mtendaji wa kijiji. Nawaambia hivi mapema ili msimchukie haraka, maana mkimchukia haraka hamtajiona ndani yake.

Chini ya mashamba hayo mto uliingia kwenye kinamasi kikubwa cha matete, ukatulia humo, halafu ukatokea upande wa pili kuelekea mjini. Pembeni ya kinamasi hicho ndiko alikoolewa mdogo wake wa kike, baba mmoja mama mmoja. Huyo dada na mume wake walikuwa na ng'ombe sita, kisima kifupi ambacho unachota kwa kuinama tu, na kambale wa kula mwaka mzima. Kama umewahi kukaa karibu na kinamasi unajua kwamba kuna mbu wengi, lakini njaa huisikii sana.

Sasa, miaka ile mto ulianza kupungua. Kiangazi kikifika watu wa mjini wanafungua bomba, linatoa tope. Ofisi ya maji ikamleta mtaalamu, binti mmoja mwenye kompyuta na buti za mpira. Kazi yake ilikuwa kujenga mto mwingine ndani ya kompyuta. Msicheke. Unaingiza mvua iliyonyesha na maji yanayoshuka kutoka mlimani, unatoa yale yanayotumiwa na watu, na kompyuta inakuonyesha kitakachobaki. Ukitaka kujua kiangazi cha miezi sita kitafanya nini, unaujaribu kwanza mto wa kompyuta, huu wa kweli unauacha salama. Nia ilikuwa njema. Watu wapate maji ya kulimia, na mto nao ubakiziwe maji ya kuuweka hai, pamoja na samaki wake na majani yake na watu wanaoishi chini yake.

Mtaalamu akatangaza kwamba atapita kwenye kila mfereji kuuliza watu wanatumia maji kiasi gani. Siku mbili kabla hajafika, wenye mashamba wakaitana kikao. Mnavijua vikao vya namna hiyo, havina muhtasari. Ukweli ni kwamba walikuwa wanafungulia maji siku tano kwa wiki, mchana na usiku. Mmoja akasema tukitaja tano watatupunguzia. Mwingine akasema serikali haijawahi kuuliza swali kwa wema. Mwisho wakakubaliana wawe na kauli moja, waseme siku mbili, na mwenyekiti ndiye aseme kwa niaba ya wote kwa kuwa ana heshima zake.

Mtaalamu akaja, akakalishwa juu ya gunia la vitunguu, akafungua daftari.

"Mwenyekiti, kwa wiki mnafungulia maji siku ngapi?"

"Mbili."

"Mbili tu, kwa mashamba yote haya?"

"Tunabana matumizi, mwanangu. Tunawafikiria na wenzetu wa chini."

Hebu litazameni jibu hilo. Uongo ulikuwa neno moja, "mbili". Maneno yaliyofuata yalikuwa ya kuutandikia uongo kitanda ili ulale vizuri. Binti akaandika. Angekuwa makini zaidi angekwenda banioni akapime mwenyewe, na kama kuna mtaalamu wa maji amekaa hapa leo, nadhani amenisikia. Lakini aliamini, kwa sababu mbele yake alikuwa amekaa mtu mzima mwenye kofia mkononi.

Ungemuuliza mwenyekiti jioni ile kama kuna mtu amemdhulumu, angekuapia kwamba hakuna. Amemwibia nani? Amepunguza tarakimu kwenye daftari, basi.

Miezi minne baadaye watu wa juu na watu wa chini wakaitwa pamoja kwenye uwanja wa shule kusikia matokeo. Dada yake alipanda kutoka kule kinamasini, akakaa benchi moja na kaka yake. Walikuwa hawajaonana tangu Pasaka. Mtaalamu akasimama, akaonyesha mchoro wa mto, akaeleza kwa lugha ambayo hata mimi ningeielewa.

"Maji yanayoingia huku juu tumeyapima," alisema. "Yanayotumika mashambani mmetuambia wenyewe. Yanayotoka chini ya kinamasi tumeyapima. Hapo katikati kuna maji mengi hayaonekani. Kama mashamba hayayachukui, basi kinamasi ndicho kinachoyameza."

Mmeona kilichotokea? Yale maji ya siku tatu waliyoyaficha hayakutoweka kwenye hesabu. Yalikuwa lazima yaandikwe mahali fulani, na kwa kuwa mwenyewe ameyakana, yakaandikiwa mwingine. Aliyeandikiwa ni yule asiyeweza kusimama mkutanoni akajitetea. Pendekezo likasomwa kwamba uchimbwe mchepuko mkubwa, mto upite pembeni ya kinamasi na kushuka moja kwa moja mjini.

Yule dada akanyoosha mkono. Akasema kinamasi hicho kilikuwepo kabla bibi ya mume wake hajazaliwa, na enzi hizo mto ulikuwa unajaa hadi ukingoni, sasa imekuwaje kimeanza kulewa maji uzeeni? Watu wakacheka. Mtaalamu hakucheka. Akasema swali hilo ni zuri, na kwamba mto wa kompyuta unaamini kile unachoambiwa. Kama kuna mtu mwenye hesabu tofauti, aiseme, yeye ataibadilisha hapohapo mbele yao. Kisha akasubiri, mpaka wenye mashamba wakaanza kutazama viatu vyao.

Dada akamgeukia kaka yake.

"Kaka, wewe ndiye unayeshika maji kule juu. Ni kweli tunayameza sisi?"

Wapendwa, ni wangapi kati yetu tumewahi kufunguliwa mlango mpana namna hiyo? Hakukuwa na askari pale, wala hakuna aliyeshika fimbo. Angesema tano, zamu zingepunguzwa, angekosa robo ya vitunguu vyake, na wenzake wangemnunia mwezi mzima. Hiyo ndiyo ilikuwa gharama yote. Nimewafikiria watu wengi niliowazika katika utumishi wangu, na wengine walikwenda na mizigo ambayo ingeshuka kwa gharama ndogo kuliko hiyo.

"Mdogo wangu," alisema, "hawa ni watu waliosoma. Wameshapima."

Dada hakuuliza tena. Wengine pale angewabishia, lakini huyu alikuwa kaka yake.

Mchepuko ukachimbwa. Kiangazi cha kwanza matete yakakauka mpaka mizizi, moto ukaingia humo ukawaka siku tatu. Kambale walikutwa wamelala kwenye tope lililopasuka. Kisima kile cha kuinama wakakichimba mara ya pili, wakakichimba mara ya tatu, wakakuta udongo wa vumbi. Ng'ombe wawili wakafa. Na kule mjini, kwa watu ambao haya yote yalifanywa kwa ajili yao, maji yaliongezeka kidogo sana, maana aliyeadhibiwa siye aliyekuwa anayachukua.

Mwezi wa kumi yule dada akafika kwa kaka yake, yeye na mume wake, watoto wanne, na ng'ombe wanne waliobaki. Walimkuta shambani na jembe lake. Mfereji ulikuwa umejaa, na ilikuwa siku ya nne ya wiki ile tangu banio lifunguliwe. Watoto hawakungoja kukaribishwa, walipiga magoti kwenye ukingo wakanywa kwa viganja. Ng'ombe nao wakaja. Dada akamwamkia kaka yake shikamoo, akafuta vumbi usoni kwa pembe ya kanga, kisha akasema maneno haya.

"Mungu akubariki, kaka, umetupokea. Kumbe miaka yote ile tulikuwa tunaishi na mwizi mlangoni, na sisi tunamsifia."

Mwenyekiti akasema karibuni, akaelekea nyumbani kutafuta mkeka.

Mfano wangu unaishia hapo. Najua mnataka niwaambie kama alikuja kutubu. Sijui. Mimi nina wasiwasi na sisi tuliokaa humu.

Sisi tuna kawaida ya kufikiri kwamba jambo likifichwa limekwisha. Tunasema halimuumizi mtu, liko kati yangu na Mungu wangu. Ndugu zangu, ningependa iwe hivyo, na mimi ningelala vizuri zaidi. Lakini nilichokichukua nikakikana hakibaki hewani. Kitatafutiwa mtu. Sukari inayopungua kabatini, baba mwenye nyumba ameshaambiwa na daktari aiache na anailamba kwa kijiko, lakini anayefukuzwa kazi ni dada wa kazi. Mume anakataa kwenda kupimwa, anasema yeye ni mzima, na mke anaitwa tasa na mawifi zake kwa miaka tisa. Kwaya yetu iligawanyika, sitataja mwaka, na tukakubaliana kwa kauli moja kwamba chanzo ni yule kijana mwalimu wa kwaya aliyekwisha kuhama. Amehama, hayupo, anabeba.

Na msidhani nawasema ninyi nikiwa nimesimama pembeni. Nilipokuwa darasa la sita niliangusha taa ya karabai ya baba yangu, nikaivunja. Kwetu alikuwa analelewa binamu yangu, yatima. Baba alipouliza, mimi sikumtaja binamu. Nilikaa kimya tu, na ule ukimya ukamtaja. Alipigwa. Mwaka ulipoisha akapelekwa kwa ndugu wengine, akaacha shule huko, na mimi nikaendelea na masomo mpaka nikavaa kanzu hii mnayoiona. Nilimtafuta nikiwa na miaka arobaini na moja. Unajua aliniambia nini? Aliniambia alikwisha kuamini kwamba labda kweli ni yeye aliyeivunja. Sijawahi kusikia neno lililoniuma kuliko hilo, na bado linaniuma.

Hilo ndilo ninaloliogopa katika mfano huu. Siogopi sana hasira ya yule dada. Angekuja na hasira, kaka yake angepona. Alikuja na shukrani, ameshauamini uongo, anakilaani kinamasi kilichomlisha miaka yote ya ndoa yake, na anambariki mtu aliyekikausha. Mtu akikushukuru namna hiyo utakwenda kulala wapi?

Tutaimba, halafu tutatoka. Kama wakati naongea kuna jina limekujia, la mtu anayelaumiwa kwa hesabu uliyoitoa wewe, au uliyoinyamazia, usije kwangu ofisini. Mimi siye niliyesingiziwa. Nenda kwake leo, wakati bado ana mahali pa kuishi.