Koti la Bi Salha

Mwanahija na shoga yake Kidawa walishinda sokoni wakichambua fungu la mitumba, kila nguo elfu mbili. Mwanahija alipoibua gauni la hariri, Bi Salha, mke wa mkandarasi, aliyeuapia mtaa mzima kwamba hagusi mtumba, akampokonya.

"Kwenye fungu hakuna chenye mwenyewe!" akafoka.

"Kweli, bibie," Mwanahija akajibu kwa upole. "Hebu vua koti ujaribu gauni hilo."

Bi Salha akabwaga koti lake la Dubai juu ya fungu, akavaa gauni, akajigeuzageuza mbele ya kioo alichoshikiwa na Kidawa. Alipogeuka, Mwanahija alikuwa akimpa muuzaji elfu mbili.

"Koti langu hilo!"

"Nimelikuta kwenye fungu, bibie," akasema Mwanahija, akifunga vifungo. "Tena limenikaa!"